Jina Nililolifuta kwenye Mashine ya Kabanga

Sitaapa, maana tumekatazwa kuapa. Nasema tu kwamba yalinitokea hapa Lubumbashi, saa tisa mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimeonja pombe. Ukitaka kucheka, cheka nikishamaliza.

Mimi ni baba wa mapacha. Kwetu tulio na asili ya Kasai, wa kwanza huitwa Mbuyi na anayemfuata Kabanga, na ukimpa mmoja kitu lazima umpe na mwenzake. Mbuyi ni wa kiume, yupo. Kabanga alikuwa binti yangu. Homa ilimchukua kabla mvua hazijaanza.

Kabanga alijifundisha mwenyewe kuandika programu. Kwenye kompyuta ya mtumba alitengeneza kitu alichokiita roboti: maandishi yanayotazama bei za dola na euro na kuamua yenyewe wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Bei ya kununua aliipa jina la Mbuyi, ya kuuza akaipa jina lake. Yeye aliandika, ndugu yake alitazama soko. Kutwa nzima nilisikia wakicheka mle chumbani.

Sasa kosa langu. Siku ya tatu ya kilio niliifungua ile mashine, nione tu kazi ya mikono yake. Shule niliacha darasa la sita. Juu kabisa niliona majina mawili, moja chini ya lingine, kama orodha ya wanafunzi. Baba yangu alitufundisha kwamba jina la marehemu huachwa lipumzike, haliandikwi karibu na la aliye hai, asije akamvuta. Niliogopa kwa ajili ya Mbuyi. Nikaufuta mstari wa Kabanga, nikahifadhi, nikafunga. Sikumwambia mtu.

Toka siku hiyo roboti ilikataa kutembea. Kila Mbuyi alipoiwasha ilileta maandishi mekundu: jina Kabanga halijulikani. Nilimwambia atafute fundi, hakutaka. Juma la tatu alisukuma sahani ya bukari, ugali wetu.

"Papa, kila mustari iko inasema haimujue Kabanga. Ni yeye. Hataki niguse kazi yake."

Hakula siku hiyo, wala kesho yake. Unajua wanavyosema juu ya pacha aliyebaki, kwamba mwenzake humwita? Nilimwona mtoto wangu akikonda kwa kudhani dada yake amemkataa, na aliyelifuta jina ni mimi. Niliona aibu kusema. Nikawaza nitengeneze kwanza, kimyakimya.

Nikabeba mashine hadi duka moja la fotokopi huko Kamalondo, kwa sababu kwetu Katuba umeme ulikuwa umekatika na wao wana jenereta. Niliiga mstari wa Mbuyi, nikaandika Kabanga chini, ndani ya mabano, mahali mashine ilipokuwa inalalamika. Wekundu ulipungua, haukuisha.

Msichana akakaa kiti cha pembeni. Alivaa kitenge cha kijani. Uso haukuwa wa Kabanga. Nikisema ulikuwa wake nitakuwa nimekudanganya.

"Papa," akasema, "umemuandika mu chumba kimoja, mule mu mabano. Akitoka pale, hakuna mwenye kumujua. Panda juu kabisa, umuweke karibu na ndugu yake, pale ulimutosha."

Nani alimwambia kwamba nilimtoa?

"Mashine imekasirika?" nikauliza, kama mjinga.

"Ile haina roho ya kukasirika. Iko inauliza tu, huyu ni nani? Uijibu. Na umupe namba ya kuanzia. Zéro iko muzuri, papa. Siye bote tulianzia pale."

Nikapanda juu, nikaandika kwa kidole kimoja. Wekundu ukaisha wote. Nikatoka mlangoni kumnunulia maji ya mfuko. Niliporudi hayupo. Nikamwuliza mwenye duka amekwenda wapi.

"Nani, mukubwa? Nilizani uko unasali peke yako. Na angeikala wapi?"

Akanionyesha kile kiti. Kilikuwa kimejaa makatoni ya karatasi hadi juu, yenye vumbi lake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mbuyi yote, nikianza na lile la aibu.

"Ni weye?" akauliza.

"Ni mimi."

"Majuma tatu, papa. Majuma tatu niko nagombana na marehemu bure." Akacheka, kisha kile kicheko kikamshinda. Nilimshika kichwa kama alipokuwa mdogo.

Umeme uliporudi akafungua mashine, akanivuta nione. Mwisho wa mstari wa Kabanga, baada ya alama mbili za mkwaju ambapo mwandishi huacha maneno ambayo mashine haiyasomi, paliandikwa: papa, hapa usiguse tena. Kabanga alizoea kuacha maneno ya namna hiyo kila mahali. Lakini mstari ule ulikuwa wangu, wa kidole changu, na maneno hayo sikuyaandika.

Mbuyi anakula. Anajifunza kuandika programu mwenyewe. Roboti siku moja inapata, siku nyingine inakosa, sitaisifu. Mimi nikiingia chumba kile kufagia, naipita ile mashine kwa mbali, na mara nyingine namsalimu binti yangu kwa jina lake, kwa sauti.

Nawe uliyefiwa, usiharakishe kufuta kile ambacho mtu wako alikiacha, hata kama hukielewi. Uliza kwanza ni nani amekiegemea. Na kama umeshafuta, sema mapema, kwa mdomo wako mwenyewe. Usingoje marehemu ajisumbue kurudi.