Kipande cha Marehemu

Watu walisema kompyuta ya ofisi ya kanisa ilikuwa yangu, nami sikuwakataza. Mzungu aliyeileta alikuwa amerudi kwao, na pale kanisani, Eldoret ya miaka ile ya chama kimoja, hakuna mwingine aliyejua hata pa kuiwashia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kikubwa kuliko ile mashine.

Kazi niliyojivunia zaidi ilikuwa orodha ya bustani. Kanisa lilikuwa na shamba kando ya Mto Sosiani, limegawanywa ploti ndogo ndogo, kila mwanachama na yake. Zamani majina yalikaa kwenye daftari lililochakaa. Mimi nikayaingiza yote kwenye programu: jina, namba ya kipande, yaani kitambulisho, na namba ya ploti. Ukibonyeza, herufi za kijani zinajipanga zenyewe. Nilikuwa naita watu waje waone.

Kisha Chifu akataka orodha. Bila kibali chake kikundi hakingekutana hata kugawana mbegu, na alisema asiyekuwa kwenye karatasi yenye muhuri wake hana ploti. Nilipotaka kuichapa, programu ikanionyesha kwamba namba moja ya kipande imeingia mara mbili. Nikadhani nimeandika mtu yule yule tena. Nikatoa amri: namba ikijirudia, futa rekodi ya pili. Kutazama majina kungechukua dakika moja tu. Sikuyatazama. Daftari la zamani nilikuwa nimeshawashia jiko.

Jumamosi tulikusanyika kwenye nyasi juu ya shamba. Chifu akasoma mwenyewe, kofia magotini. Alipomaliza, mama mmoja akainuka. Alikuwa mjane, aliyehamia na mumewe kutoka Mkoa wa Kati miaka mingi nyuma, na ploti ile ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu wake.

"Mzee, mimi sijasikia jina yangu."

Chifu akaipitia karatasi tena. "Haiko."

"Na ya mke mwenzangu umesoma."

Hapo nikakumbuka. Wake hao wawili walikuwa wamekuja kujiandikisha siku tofauti, na kila mmoja alinipa kipande cha mzee wao, ingawa walikuwa wameshamzika. Wanawake wengi walifanya hivyo. Vipande vyao walikuwa navyo, lakini nyumba ilisemewa na mume, hata akiwa kaburini. Yule mke mdogo alitangulia kuja. Programu ikamwacha yeye, ikamfuta mkubwa.

Watu wote wakanigeukia. Chifu pia.

"Wewe wa kompyuta. Hiyo mashine inaweza kukosea?"

Kusema ndiyo kulikuwa kumwambia Chifu mbele ya watu kwamba amepiga muhuri uongo. Nilikuwa nimeona mwalimu akichukuliwa na askari kwa maneno madogo kuliko hayo. Niliogopa, na zaidi ya kuogopa, naomba nisijidanganye, niliona aibu. Jana yake tu nilikuwa nikiringa.

"Haikosei, Mzee," nikasema.

"Basi, imeisha."

Mke mdogo alikuwa akitazama chini. Ploti akapewa bwana mmoja aliyekuwa akingoja nafasi, naye akasema Jumatatu anataka kuilima. Yule mama hakubishana. Alichukua jembe lake akateremka, akaanza kung'oa viazi ambavyo bado vilikuwa na maua.

Nilimfuata. Nikapiga magoti mtaro wa pili, nikichimba kwa mikono. Viazi vilikuwa vidogo, ngozi yake ikibanduka ukivigusa. Tulipofika katikati nikashindwa kuvumilia.

"Mama, si mashine. Ni mimi nilikufuta."

Hakuacha kuchimba. "Najua. Niliona vile uso yako ilikaa."

"Nisamehe."

"Hiyo maneno ungesema pale juu."

Tukamaliza mtaro. Vile vikubwa kidogo akavitia kwenye gunia lake, na vilivyobaki, visivyoweza kuuzwa, akanifungia kwenye leso.

"Beba, msichana yangu. Umefanya kazi."

Kukataa chakula mkononi mwa mama kama yule nisingeweza. Nikavibeba. Nyumbani nilivichemsha na maganda yake, nikavila kwa chumvi hadi vikaisha, na Jumatatu asubuhi nikaenda ofisini, nikawasha kompyuta, nikaandika jina la yule bwana mahali pa yule mama.