Wingu Lililopinda

Siku hizi asubuhi zangu ni za roketi. Ninaamka hapa Kitale ukungu ungali umelala juu ya mahindi, ninateleka chai, halafu ninaketi mezani na faili langu na kuondoka. Mwili unabaki kwenye kiti. Mimi ninakuwa mahali penye mchanga na joto, ambapo vijana wenye kaptula wamesimama mbali kidogo na chuma chembamba kilichoelekezwa juu, wakisubiri.

Si roketi za kwenda mwezini. Hizo zina waandishi wao. Mimi ninaandika historia ya zile ndogo za mwanzo, roketi za kupima anga. Hazikwenda kukaa huko. Zilipanda juu kuliko puto lolote, zikaionja hewa kwa dakika chache, zikaanguka. Nyingine zilirushwa kutoka pwani yetu wenyewe nilipokuwa kijana, na wengi waliozishuhudia wanakufa bila kuulizwa walichoona. Hilo ndilo lililonikalisha mezani. Nilisoma hadi kidato cha nne tu, kisha nikaajiriwa kuangalia hali ya hewa: kusoma kipimamvua, kutazama mawingu na kuyaandika kwa majina yao, mpaka nikastaafu. Mbingu ninaifahamu kidogo, na huko kufahamu kidogo ndiko kulikoniponza.

Mke wangu alizaliwa Saboti, kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Tulipooana alinisimulia jambo aliloliona akiwa msichana. Yeye na dada yake walikuwa wakikamua ng'ombe alfajiri, nyota bado zipo, na mbali upande wa Eldoret ukatokea mwanga wenye rangi. Ukakaa. Ukatanuka polepole, ukafifia, ndipo kukapambazuka. Alisimulia vile mtu anavyosimulia ndoto njema, mikono imetulia mapajani, macho yako kule.

Nilimwambia lilikuwa jua linachomoza nyuma ya vumbi. Akasema kulikuwa bado giza. Nikamwambia watoto hawajui saa. Baadaye, kila alipowasimulia wageni au watoto wetu, nilikuwa na jibu tayari, na jina la wingu, na mzaha kidogo juu ya wasichana wanaokamua ng'ombe huku wamelala. Watu walicheka. Yeye alikuwa akisema, "Si huyu ndiye mtu wa mawingu," halafu anaondoa vikombe. Mwishowe akaacha kusimulia. Sikumbuki aliacha lini, kwa sababu sikutambua.

Sasa, asubuhi moja nikiwa na faili langu, nilisoma kwamba baadhi ya roketi hizo zilibeba madini ya sodiamu. Zilirushwa kabla ya mapambazuko au baada ya jua kuzama, zikaachilia mvuke huko juu. Chini kukiwa giza, mvuke ule ulikuwa tayari unapigwa na jua, nao uling'aa peke yake angani kwa rangi ya chungwa. Watu wa chini waliupiga picha ili wajue upepo wa huko unavumaje. Kulikuwa na picha. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Nilichukua atlasi na rula, nikachora mviringo wa dunia kama tulivyofundishwa shuleni. Jua hufika pwani kabla ya kufika kwetu. Kitu kilichowashwa juu kiasi kile pwani kingeweza kuonekana kutoka Saboti, upande ule ule wa Eldoret, chini chini, kama ngumi moja ya mkono ulionyooshwa juu ya upeo. Lakini katika karatasi zangu zote hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba mvuke huo uliwahi kuachiliwa juu ya pwani yetu. Huenda ndiyo, huenda siyo. Nilihitaji mtu aliyeona. Na mtu huyo alikuwa jikoni, akichambua maharagwe.

Hapo nikakosea tena. Nilikwenda mbio, mikono mitupu, nikasimama mlangoni na kumuuliza, "Lile wingu lako. Lilikuwa rangi ya chungwa, siyo?"

Aliinua macho. "Kama unasema."

"Hapana, niambie wewe."

"Sikumbuki, mzee. Ulinieleza ni jua. Basi lilikuwa jua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba chumvi imeisha, akarudia maharagwe yake. Nilirudi mezani. Kila anayekusanya historia hujifunza mapema kwamba shahidi hatiliwi maneno mdomoni. Mimi nilikuwa nimemtilia yangu ndoa nzima, mpaka yakafunika yake. Siku zilizofuata sikuandika chochote cha maana. Nilikaa nikiitazama ile picha nyeusi yenye mwanga katikati, na ndani yake nikaona boma la Saboti ambalo sikuwahi kulikuta, wasichana wawili, ndoo, na asubuhi ambayo mimi ndiye niliyeizima.

Dada yake bado yuko, aliolewa Myanga, huko Bungoma. Nilimwomba mke wangu twende kumwona. Akaniambia kwamba nilitaka tu kwenda kuuliza maswali yangu. Nikakubali ni kweli. Nikamwambia pia kwamba nilimkosea, si juu ya wingu lenyewe, maana hilo sijui bado, bali kwa kumnyamazisha mbele ya watu. Alifunga mlango wa kabati kwanza.

"Tubebe sukari," akasema. "Dada hapendi watu wa mikono mitupu."

Tulimkuta barazani, ungo wa njugu mapajani. Ni mjane, sauti yake inafika barabarani.

"Mulamwa!" aliniita, jinsi shemeji wanavyoitana huku. "Ati siku hizi unarusha roketi? Na hiyo koti ndiyo ya mwezini?"

Nilimwambia mwezini hawakunitaka, wameona meno yangu yamepungua. Tulikunywa chai. Mke wangu alivuta kiti, akaanza kumsaidia kumenya njugu. Safari hii niliuliza jambo moja tu: anisimulie ile asubuhi ya Saboti, vyovyote anavyotaka. Kisha nikanyamaza.

Alisimulia kwa raha. Ameisimulia kanisani miaka mingi kama ushuhuda, na imenona. Kulikuwa na nguzo ya moto, nyekundu kama damu, imenyooka kama mlingoti wa stima. Kulikuwa na ngurumo iliyotikisa bati. Ng'ombe alipiga teke ndoo ikaruka. Niliandika. Nilijua hakuna ngurumo ya roketi inayoweza kutoka pwani ikafika Saboti, na ulimi wangu ulikuwa tayari umejiinua kusema hivyo. Nikatafuna njugu.

"Hakukuwa na kelele, dada," mke wangu akasema. Hakuinua kichwa.

"Kulikuwa."

"Kulikuwa kimya mpaka nikasikia maziwa yako yakimwagika."

"Si ng'ombe alipiga teke?"

"Ng'ombe gani, bana. Wewe ndiwe uliyeachilia ndoo. Baba alikuchapa."

Dada yake alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema ni kweli, alichapwa. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameacha kumenya. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, na niliufahamu utulivu ule ingawa sikuwa nimeuona kwa miaka mingi.

"Na halikunyooka," akasema. Alitandaza maganda ya njugu kwenye ungo, akachora kwa kidole kutoka chini kwenda juu. "Lilikuwa kama uzi. Likapinda hapa. Likarudi hivi, likapinda tena. Kama maziwa ndani ya chai kabla hujakoroga. Rangi yake ilikuwa ya kiini cha yai la kienyeji."

Kule juu upepo hauvumi upande mmoja. Kimo hiki unasukuma huku, kimo kingine unasukuma kule, na ndiyo sababu mvuke uliachiliwa. Katika picha ile wingu limepinda, likarudi, likapinda tena. Sikuwahi kumwonyesha.

"Mulamwa, mbona umeacha kuandika?" dada yake akaniuliza.

Mke wangu aligeuka, akanitazama usoni. "Haya, sema ni vumbi."

"Sijui lilikuwa nini," nikamwambia. "Ninaandika ulivyoona."

Alirudia njugu zake. "Andika na ya dada. Na ngurumo yake pia."

Ndivyo ilivyo kwenye kitabu. Simulizi mbili, ya mkubwa na ya mdogo, moja chini ya nyingine, sikurekebisha neno. Baada yake nimeeleza kwamba sijapata hati yoyote ya roketi ya namna hiyo kurushwa kutoka pwani yetu, na kwamba anayeijua aniambie. Ukurasa huo hauthibitishi chochote. Ndio ninaoufungua mara nyingi kuliko yote.

Jumapili moja baada ya hapo tulipata wageni kutoka kanisani. Mazungumzo yalifika kwenye mvua, yakafika kwenye anga, na mmoja wao akanigeukia mimi kama kawaida. Kabla sijafungua mdomo, mke wangu alikuwa ameshaanza. Nyota bado zilikuwapo, alisema, na ng'ombe alikuwa ametulia.

Mimi nilisimama taratibu, nikaanza kuondoa vikombe.