Bashi Juu ya Kaburi la Imbwa

Kosa langu lilikuwa bashi. Mtu wa mji mwingine angefunika udongo mbichi kwa turubai asiulizwe neno na yeyote. Lakini mi nimezeekea hapa Musonoi penye migodi, nimezaa hapa, na ninajua vizuri kila turubai ya rangi ya machungwa inafunika nini: shimo la krezeri, mchimbaji wa mikono, anayeshuka na taa kichwani kutafuta shaba au kobalti. Ninajua hata nikiwa usingizini. Na bado nilisimamisha bashi yangu nyuma ya nyumba, mchana kweupe, nikaingia ndani kulia.

Aliyekuwa chini ya bashi ni mbwa wangu, au imbwa, kama tunavyosema sisi. Jina lake sitaliandika, ni la kwetu wawili. Alikuwa jike, mwekundu, ncha ya sikio moja imekatika. Aliletwa kwangu na mzazi wa mwanafunzi, mwaka ule mume wangu alipofariki, mbwa mwenyewe akiwa mdogo wa kuenea ndani ya sufuria. Mzazi yule alisema mwanamke asikae peke yake kwenye parseli, kiwanja kisicho na ukuta. Nilimkasirikia. Bukari yenyewe, ugali wetu, nilikuwa ninaipima kwa kikombe, na sasa ananiletea mdomo mwingine.

Basi mdomo ule ulikaa miaka kumi na moja. Asubuhi alinisindikiza hadi kona, nikapanda taxi-moto kwenda shuleni Manika, na jioni nilimkuta pale pale kwenye kona. Nikisahihisha daftari aliweka kidevu juu ya mguu wangu. Mi ni mwalimu, ninafundisha kwa Kifaransa na kugombana kwa Kiswahili, na daftari baya ninaligombeza kwa sauti. Kila nilipogombeza aliinua kichwa kuona amekosa nini. Kitu kimoja tu kilimtia woga, mvua. Wingu likinguruma alikimbilia chini ya kitanda changu, na hakutoka hadi bati linyamaze.

Alikufa Jumamosi asubuhi, baada ya wiki nzima ya kukataa chakula. Jirani yangu, mama anayeuza makala, yaani mkaa, upande wa pili wa uzio, alinishauri nimtie ndani ya gunia, nitafute mtu wa toroli akamtupe kwenye shimo la zamani la mgodi. Ndivyo wanavyofanya wote. Nilimjibu kwamba akirudia maneno yale nitasahau kama tuna uzio mmoja. Akacheka, akidhani ninamtania. Sikuwa ninamtania hata kidogo.

Nilichimba mwenyewe, kwa jembe la marehemu mume wangu. Kwanza ulitoka udongo mwekundu, kisha vijiwe. Sikutazama vina rangi gani, machozi yalikuwa yananiziba macho. Nilimfunga kwa kikwembe, kitenge nilichovaa kwenye matanga ya mume wangu, nikamshusha, nikamfukia. Ndipo nikaona wingu zito limeshuka juu ya vilima vya udongo wa mgodi. Nikafikiria maji yanavyopenya hadi kwake, yeye aliyeogopa hata matone ya kwanza. Nikavuta bashi niliyokuwa ninafunikia kuni, nikaifunga juu ya miti minne, nikaweka mawe kwenye pembe zake.

Jumapili, baada ya misa, wanawake wawili ambao huwa hawanisalimii waliniuliza kama nimelala vizuri. Mchana jirani yangu wa makala akaja na sahani ya karanga. Nikasema moyoni, afadhali, amekuja kuomba msamaha. Aliketi, akashusha sauti, akaniita dada akiuliza, “Yaya, mumefika ku meta ngapi?”

Nilidhani anauliza kama nimechimba chini ya kutosha, mbwa wengine wasije kumfukua. Nikamwambia meta moja tu, inatosha. Akauliza kama mambo ni mazuri huko chini. Nikamwambia ni mazuri, nimefunga vizuri, hakuna kitakachoingia. Aliondoka amefurahi sana, akasahau na sahani yake. Mi nikabaki ninamshukuru. Wajinga hatuishi.

Jumatatu niliporudi kutoka shuleni, mawe ya bashi hayakuwa mahali pake. Alama za viatu vikubwa zilizunguka kaburi, na kwenye udongo kulikuwa na matundu matatu membamba, kana kwamba mtu alichomeka fimbo ya chuma kupima. Tundu moja lilikuwa katikati kabisa. Nilihisi chuma kile ndani ya tumbo langu mwenyewe.

Nilimwita jirani kwenye uzio nikamuuliza nani ameingia kwangu. Naye akawa mkali. Avenyu nzima inajua nina shimo, akasema, kwa nini ninakula peke yangu? Nikamwambia pale pana mbwa wangu. Akanitazama juu hadi chini.

“Imbwa? Nani anazikaka imbwa na bashi?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikashika uzio. Nimeona parseli ambazo watu walisikia zina madini: wanakuja kumi, wanakuja ishirini, na ifikapo jioni nyumba inaning'inia juu ya shimo. Wangemtoa mbwa wangu pamoja na kikwembe chake, wangemrusha juu ya udongo kama mzizi uliowazuia njia. Hilo tu ndilo nililoliogopa. Nyumba hata sikuifikiria.

Jumanne sikwenda shuleni. Nilituma neno kwamba ninaumwa, nikaketi kwenye kiti kando ya bashi, jembe kwenye magoti. Wanaume walipita nje ya uzio, wakasimama, wakapita tena. Hakuna aliyenisalimia. Ilipofika saa nne hivi akaja chefu, mkuu wa avenyu yetu, na vijana wawili wenye mabeleshi. Nyuma yao jirani, na nyuma ya jirani watu.

Chefu alisema kwa heshima. Kuchimba ndani ya parseli kumekatazwa, ataulizwa yeye, ni lazima aone kwa macho yake. Nikamweleza ni mbwa. Akatazama chini, kama ninavyotazama mimi mwanafunzi anaponiambia daftari limeliwa na mbuzi.

“Mama mwalimu, fungula weye mwenyewe. Kama haufungule, batu bangu batafungula.”

Hasira ilinipanda. Lakini niliyaona yale mabeleshi, na nikajua mkono wa nani utakuwa mpole. Nikaweka jembe chini, nikapiga magoti, nikachimba kwa vidole. Sijui ilichukua muda gani. Harufu ilitangulia, watu wakarudi nyuma. Kisha ua la kikwembe likatokea. Nikakifungua upande wa kichwa tu, sikio lile lisilo na ncha likaonekana.

Jirani yangu aliziba mdomo. Sikio lile alilijua, lilikuwa likichungulia kwenye uzio wake kila alipochoma samaki. “Njo yee,” akasema, ndiye kweli, akaanza kulia.

Chefu alivua kofia. “Pole, mama.”

Ilikuwa pole ya kwanza niliyopewa kwa siku nne. Nilikuwa na njaa ya neno hilo, nikafungua mdomo kumshukuru. Ndipo nikauona mkono wake wa pili. Alikuwa ameokota jiwe kwenye udongo nilioutoa, anafuta vumbi kwa kidole gumba, na chini ya vumbi jiwe lilikuwa la kijani, kijani kama sombe, majani ya muhogo. Hapa hata mtoto wa chekechea anajua jiwe lile ni la shaba. Polepole akalitia mfukoni. Mmoja wa wale wenye mabeleshi naye alikuwa anatazama.

Nilinyoosha mkono, vile vile ninavyomfanyia mtoto aliyeficha chaki.

“Tata, leta ile jiwe.”

“Jiwe gani, mama?”

“Yenye uliingiza mu mufuko.”

Chefu alinitazama, akatazama watu, akalitoa akaliweka kwenye kiganja changu. Nikalishusha shimoni, miguuni pa mbwa wangu, nikawafukia pamoja, yeye na jiwe, nikakanyaga udongo hadi ukakaa. Nikawaambia hapa ni kaburi, na atakayechimba ananichimbia marehemu wangu.

Chefu akawafukuza watu. Yeye alibaki nyuma kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini nitoe bashi, maana ikiendelea kusimama, watakuja tu. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli. Niling'oa miti, nikasawazisha ardhi, nikamwaga majivu, nikapanda lengalenga, mchicha wetu, ionekane bustani kama bustani zote.

Mvua ilikuja alasiri ile ile, ya ngurumo. Nilikaa mlangoni na bashi imekunjwa kwenye magoti. Matone ya kwanza yalipogonga bati nilitazama chini ya kitanda, mazoea tu. Nikasimama, nikaketi. Nikasimama tena, nikafika hadi pembe ya nyumba na bashi mikononi.

Ng'ambo ya uzio, chini ya bati la jirani, alisimama yule kijana wa beleshi aliyeliona jiwe. Hakuwa akijikinga mvua. Alikuwa anangoja aone nitafunika wapi, maana kwenye bustani ile mahali penyewe hapakujulikana tena.

Nikarudi mlangoni, nikaikalia bashi, nikaiacha mvua imnyeshee mbwa wangu.