Muiri wa Ngatia

Moto ulipoteketeza msitu juu ya Karatina, Watiri na mumewe Ngatia walipanda miche ya muiri, mti wa asili wa huku kwetu, kwenye majivu, wakainywesha kwa maji waliyobeba mgongoni. Ngatia alifariki katika kiangazi kibaya kilichofuata. Watiri aliendelea kubeba maji peke yake, ingawa sisi majirani tulimwambia anajichosha bure.

Mwaka huu akaja Munene, mtafiti kijana, kukadiria uzito wa miti michanga. Ili akisie uzito wa msitu mzima, ilibidi michache ikatwe, ikaushwe, ipimwe kwenye mizani. Kura ya kuchagua pa kukata ikaangukia kipande cha msitu alichokipanda Watiri.

"Niachie huu mmoja tu," Watiri aliomba, ameukumbatia muiri wa mwisho aliopanda Ngatia. "Hiyo mingine kata yote."

"Shosho, nikianza kuchagua, hesabu yangu itakuwa ya uongo," Munene alimjibu, kama mjukuu kwa bibi yake.

Hesabu! Nilitaka kumnyang'anya panga. Lakini Watiri aliuachilia mti, nao ukakatwa.

Baadaye Munene alirudisha vijiti vikavu ndani ya mfuko wa unga. "Labda vitakufaa kwa kuni, shosho," alisema kwa heshima.

Ilikuwa Julai, baridi inatafuna mifupa, na Watiri hakuwa na ukuni hata mmoja. Alipekua mfuko akitafuta mti wa Ngatia, asiutambue. Basi akawasha vyote, akabandika sufuria ya chai.

Nilikuwa nimeketi naye. Moto ulizima kabla maji hayajachemka.