Nilivyosugua Taa za Baba Mkwe

Wacha nijicheke mimi kwanza, nyinyi mtafuata. Jumamosi baba mkwe aliteremka na pikapu yake ya viazi kutoka Keringet, akaiacha kwangu hapa Nakuru, akaenda madukani. Nikaona taa za mbele zimekuwa manjano kama meno ya mvuta sigara. Mzee huyu hajawahi kunisifu, na leo nafasi imejileta yenyewe mpaka mlangoni.

Nilichukua msasa laini, maji na dawa ya meno, nikasugua mpaka mabega yakalia. Maji ya manjano yalichuruzika, nami naimba. Taa ziking'aa hivi, nitaitwa mkwe fundi ukoo mzima. Nilipomaliza nilimwita mke wangu, nikaita na majirani, nikaziwasha mchana kweupe waone.

Mzee akarudi, mkebe mdogo mkononi. Nikamkimbilia. "Baba, angalia. Uchafu wote umeisha."

Alizitazama taa, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo uchafu ni rangi nilipaka mwenyewe, ndio nione barabara kwa ukungu ya kwetu Keringet," akasema, akiinua ule mkebe. "Nimetoka kununua rangi ya kuongeza."