Mtama Nilioung'oa

Siku ya tatu ya Mfungo Tisa, mwaka ule wa foleni za unga na sabuni, nilimpoteza mdogo wangu Athumani. Lakini mwanangu, siku ninayoikumbuka zaidi ni nyingine, ya masika, shambani kwetu nyuma ya Pongwe.

Athumani alikuwa akisoma sekondari mjini, akija kila Ijumaa. Siku hiyo alikuta nimepanda mpunga, naye akapanda mtama sehemu ya juu, penye kichanga. Nikamcheka.

"Mtama tutawapa kuku."

"Kuku wenyewe wako wapi, dada?"

Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Athumani akachuma jani la mtama kwenye shina lililojiotea kandoni, akaliinua juani. "Tazama mishipa ilivyobanana. Shuleni nimeliona kwa hadubini. Kila mshipa umezungukwa na pete ya vyumba vinene. Hewa inayoliwa na jani hukusanywa humo, ndiyo maana jua likiwaka kazi haipotei, wala maji hayapotei ovyo. Mpunga hauna pete nene kama hiyo."

"Mungu kaupa mtama pete, mimi hata bangili sina."

"Haikuja siku moja, dada. Ni vizazi na vizazi vya nyasi penye joto. Zilizobana mishipa zikazaa zaidi, zikarithisha."

Nilimsikia, mwanangu. Sikutaka tu kufundishwa na niliyembeba mgongoni. Tena niliona aibu: watu wangesema kwetu tunakula mtama. Aliporudi mjini, niking'oa magugu, nikaung'oa na mtama wake, nikatia mpunga. Alipouliza nikasema ndege wamekula mbegu. Akaniamini.

Mvua ikakatika mapema. Mpunga ukajikunja, ukakauka na masuke matupu. Mama akawa anakunywa maji ya moto alale. Athumani, akiwa na homa, akaondoka kwenda Horohoro, mpakani, kutafuta unga. Akarudi na kibaba kimoja, akalala, hakuinuka.

Sisemi mtama ungemponya. Homa ni homa. Ila asingekwenda Horohoro.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo, na aliyevunjika si mimi. Kwa hiyo nakuusia: neno la kweli usilipime kwa umri wa msemaji. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, aliyekosewa akiwa bado anaweza kukusamehe. Mola akupe masikio, na akupe ulimi usiojificha.

Baada ya hitima nilikwenda shambani. Pembeni mwa kichuguu nilikuta shina moja la mtama, nililolisahau, suke limejaa. Nikalikata, nikatwanga, nikampikia mama uji. Akauliza mtama umetoka wapi. Nikamwambia yote. Akanywa nusu, akanisogezea bakuli.