Lukasi na Mijusi wa Bluu

Kila kijiji kina mjuaji wake. Sisi huku juu ya Zombo tumejaliwa Lukasi, mwendesha bodaboda ambaye tangu darasa la nne hajauliza swali, kwa kuwa majibu yote anayo. Aliacha kulima mpunga akisema kilimo ni cha washamba, akaacha ufundi baiskeli akisema mafundi hawana akili. Alipokuja mgeni kutoka mjini akitafuta mijusi wa bluu wa kwenda kuuza, nani mwingine angejitokeza? Mgeni aliijua sheria inayowalinda wale mijusi, ndiyo maana hakuingia msituni mwenyewe.

Mijusi wale ni wadogo kama kidole, na kwetu huishi kwenye mikadi tu, ile miti ya majani marefu yenye miiba, pale kijitoni, katika kipande cha msitu kilichosazwa na moto na mashamba. Ida, shangazi yake Lukasi, husuka mikeka kwa majani ya mikadi hiyo. Hukata majani ya chini. Ya katikati hayagusi, maana mijusi hulala humo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Lukasi alimcheka. Kupanda mti wenye miiba ni kazi ya nyani, alisema, akauangusha kwa panga. Akaangusha na wa pili. Kila alipokamata mijusi aliowataka, aliyachoma majani kuficha ushahidi. Baada ya wiki mbili ulibaki mkadi mmoja, ule ulioinamia dimbwi, kwa sababu shujaa wetu anaogopa maji.

Mgeni hakurudi. Tulisikia amekamatwa njiani, huko Mikumi. Mtu mwingine angeona aibu. Lukasi akajitangaza mfugaji. Aliwaweka mijusi wake kwenye tenga lililozibwa kwa chandarua, akawalisha mchwa, akatuambia mwakani atakuwa nao mamia. Ikapita miezi minne bila yai hata moja. Ikabidi bwana mkubwa abebe tenga lake mpaka kwa shangazi. Nilikuwapo, nikinunua mkeka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

"Hawa mijusi hawatagi. Nahisi ni chakula."

Ida alichungulia tengani. "Wale wa kijani uliwapeleka wapi?"

"Zile takataka? Nani atanunua mjusi mwenye rangi ya jani? Niliwaacha humo humo kwenye majani, wakaungua."

"Wale ndio majike, Lukasi. Hawa wote ni madume."

Lukasi naye akachungulia tengani. Kisha akasema, "Lakini wakizoeana si watazaa tu?"

Ida alilia, mwanamke ambaye hakulia hata kwenye msiba wa mumewe. Akalichukua tenga, akaenda kulifungulia chini ya ule mkadi wa dimbwini. Tangu siku hiyo hakati hata majani ya chini. Anayafunua moja moja, taratibu, akitafuta mjusi wa kijani.

Nimemsindikiza mara tatu. Jua likishapanda, madume hutoka, hutunisha shingo na kutikisa vichwa, kila mmoja akimtisha mwenzake amwachie jike. Jike mwenyewe hatujamwona.